Nyuki wa Bustanini na Hofu Yangu ya Miaka Hamsini

Hotuba kwa wanachama na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu, Tanga



Awali ya yote naishukuru halmashauri kwa kunipa nafasi hii. Mimi si msomi. Elimu yangu ilikomea kidato cha nne, na maisha yangu yote nimeyapitisha nyuma ya kaunta, nikiuza misumari, saruji na mabati. Wapo hapa walimu na madaktari wanaostahili zaidi kusimama mbele yenu. Lakini nimeombwa niseme habari ya bustani ya hekalu, na hasa nijibu swali ambalo wengi wenu mmeniuliza, wengine kwa upole na wengine kwa hasira: kwa nini nyuki wale hawaondolewi?

Ni swali la haki. Mama anayemshika mtoto mkono kutoka getini hadi kwenye ngazi za hekalu, akipita kando ya maua yanayovuma, ana haki ya kuuliza. Nami naomba nianze kwa kuungama jambo moja. Katika ukumbi huu hakuna mtu anayewaogopa nyuki kunishinda mimi.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Baba yangu alikuwa na duka dogo barabarani, upande wa Korogwe, na nyuma ya duka palikuwa na mbuyu wenye uwazi katikati ya shina. Nyuki walikuwa wameufanya uwazi ule makazi yao. Watoto wakubwa walitukataza tusiukaribie, na kama mjuavyo, mtoto akikatazwa ndipo anapopaendea. Nilirusha jiwe moja, likapita kando. Nikarusha la pili, likaingia.

Sauti ile bado ninayo masikioni. Nilikimbia nikipiga mikono hewani, jambo ambalo leo najua kuwa ndilo baya kuliko yote, nikaanguka kwenye mchanga. Aliyeniokoa hakuwa baba wala mjomba. Alikuwa mama mmoja jirani, muuza vitumbua, ambaye aliacha karai lake motoni, akanifunika kwa kanga yake, akanibeba mpaka ndani na kufunga mlango. Baadaye walinitoa miiba kumi na saba. Yeye aliumwa mara nyingi zaidi, maana kanga yake ilikuwa juu yangu na mikono yake ilikuwa wazi.

Wahenga walisema, mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi nilishtuka kwa zaidi ya miaka hamsini. Nyuki mmoja akiingia dukani, nilitoka. Nilipojenga nyumba, nilimwambia fundi asipande ua lolote karibu na dirisha la chumba changu. Na nimefanya jambo moja ambalo sijapata kulisema hadharani, nami nalisema leo kwa sababu bila hilo maneno yangu mengine hayatakuwa na uzito.

Miaka mingi iliyopita nyuki walihamia katika ukuta wa ghala langu. Sikuuliza mtu. Niliita watu wa dawa, wakapuliza usiku, na asubuhi sakafu ilikuwa nyeusi kwa nyuki waliokufa. Kwa siku kadhaa asali ilichuruzika ukutani, sisimizi wakajaa, na harufu haikwisha mpaka tulipobomoa sehemu ya ukuta. Marehemu mke wangu hakunigombeza. Alichukua ufagio na ungo, akawakusanya wale nyuki, akawafukia chini ya tulsi yake. Sisi tuliolelewa kwa fundisho la kutodhuru kiumbe tunajua kwamba ukimya wa namna ile ni mzito kuliko ugomvi.

Mke wangu yeye hakuwaogopa. Kila alfajiri alishuka bustanini na kikapu kuchuma maua ya ibada: asmini, waridi, na yale ya rangi ya chungwa tunayoyaita galgota. Mimi nilimtazama kupitia dirishani. Alipofariki, miaka saba iliyopita, aliniachia bustani ile, nami nikawa mtu mwenye maua nyumbani anayekwenda kununua maua sokoni. Nilisimama mlangoni kila asubuhi, nikisikia mvumo, nikarudi ndani. Sikuwa nimempoteza mke tu. Nilikuwa nimepoteza pia mahali pekee ambapo bado ningeweza kukaa naye.

Aliyenitoa mlangoni ni mzee anayetutunzia bustani, mtu wa milimani Lushoto, mwenye umri kama wangu. Siku moja aliniambia, “Mzee mwenzangu, leo usishuke. Kaa hapo kwenye kibaraza na kikombe chako cha chai, uwatazame tu. Kesho utasogeza kiti hatua moja.” Nikafanya hivyo. Nilisogeza kiti hatua moja kila siku chache, na iliponichukua miezi mitatu kufika kwenye tulsi, mzee yule hakucheka.

Katika miezi ile mitatu ndipo nilipoanza kuwajua. Nami naomba niwaambie niliyojifunza, kwa kutazama, kwa kuuliza na kwa kusoma.

Kwanza, nilikuwa nikiita “nyuki” viumbe ambao si wa namna moja. Yule mkubwa mweusi anayevuma kama pikipiki na kutoboa mbao za paa, ambaye watoto wetu humkimbia kuliko wote, ni mpole. Dume lake huja mpaka mbele ya uso wako na kuelea hewani kana kwamba linakutisha, kumbe halina mwiba kabisa. Jike lina mwiba, lakini huutumia kwa nadra, hasa ukilibana mkononi. Na ninyi mnaopenda maji ya pasheni, yaani makarakara, jueni kwamba ile ya manjano inayostawi huku pwani humtegemea sana nyuki huyu, maana ua lake ni kubwa na nyuki wa asali ni mdogo mno kulifanyia kazi ipasavyo. Hata biringanya zetu hunufaika naye, kwa kuwa huling'ang'ania ua na kulitikisa kwa mvumo wake mpaka chavua inamwagika. Nyuki wa asali hana ufundi huo.

Kisha wapo nyuki wadogo sana, weusi, wadogo kuliko nzi, ambao hukaa katika nyufa za kuta na mashimo ya miti na kujijengea kijibomba cha nta mlangoni. Hao hawadungi kabisa. Asali yao ni chache, na wazee wengi huithamini kama dawa. Mimi nilianza na hao. Wapo kwenye ukuta wa kisima chetu. Kwa mtu mwenye hofu kama yangu, kukaa dakika ishirini kando ya mlango wa nyuki bila kudhurika ni shule kubwa.

Nao nyuki wa asali wenyewe, wale walioniuma, wana sheria zao. Wanaodunga ni majike peke yao. Mwiba wa kibarua una vichembe kama vya ndoana; akiuchoma katika ngozi ya mtu hauchomoki, hung'oka pamoja na sehemu ya tumbo lake, naye hufa. Kwa hiyo kila nyuki aliyeniuma siku ile chini ya mbuyu alilipa kwa uhai wake, kwa sababu mtoto mmoja alirusha jiwe ndani ya nyumba yao. Nilikuwa na miaka sitini nilipolifikiri jambo hilo kwa mara ya kwanza.

Nyuki aliye juu ya ua, akiwa mbali na mzinga, hana cha kulinda pale. Anatafuta mbochi, yaani maji matamu ya ua, na chavua ya kulishia watoto. Usipomkanyaga wala kumfinya, hana haja nawe. Lakini nyuki aliye mlangoni kwake ana malkia, ana watoto na ana akiba. Huyo hulinda, na nyuki wetu wa Afrika hulinda kwa ukali kuliko wale wa Ulaya. Akidunga, hutoa harufu ya kuwaita wenzake, harufu ambayo kwa pua ya mwanadamu hufanana na ndizi mbivu. Ndiyo sababu wa kwanza akishauma, wa pili na wa tatu hawakawii.

Mzee wa bustani alinifupishia yote hayo kwa maneno machache: “Nyuki aliye kwenye ua ni mgeni. Nyuki aliye kwenye mzinga ni mwenye nyumba. Mgeni muache ale. Mwenye nyumba usimbishie hodi.”

Ndugu zangu, mtu akiuliza faida ya nyuki, sisi hufikiria asali tu, na msemo unasema fuata nyuki ule asali. Asali tunaijua vema hapa hekaluni. Ni mojawapo ya vitu vitano vya panchamrit, pamoja na maziwa, mtindi, samli na sukari. Lakini nyuki kibarua mmoja, anayeishi wiki chache tu katika majira ya kazi, huacha nyuma yake asali inayokadiriwa kuwa sehemu ya kumi na mbili ya kijiko cha chai. Tangu niliposoma hivyo, kijiko cha asali kikimiminwa wakati wa ibada, nakitazama kwa macho mengine. Na nje ya ukuta wetu, maboga, matikiti, na maembe yanayouzwa sokoni kwa jirani zetu huhitaji wadudu wa kuchukua chavua, na nyuki ni miongoni mwa wakubwa wa kazi hiyo. Nyuki anayekunywa kwenye tulsi yetu asubuhi huenda adhuhuri akawa kwenye boga la mama wa mtaa wa pili. Hatuwezi kumfukuza kwetu tukadhani hatujagusa cha mtu.

Katika Bhagavata Purana, mtawa Dattatreya anahesabu walimu ishirini na wanne aliofundishwa nao, na nyuki ni mmoja wao. Nyuki huchukua kidogo kutoka kila ua, wala halidhuru ua. Na somo la pili ni la onyo: anayelimbikiza kupita kiasi hupoteza akiba pamoja na nafsi yake. Mimi ni mfanyabiashara wa miaka arobaini. Sihitaji kuwaeleza kwa nini mwalimu huyu ananisema mimi.

Sasa nije kwenye habari ya mwaka jana, ambayo baadhi yenu mliishuhudia.

Ilikuwa siku mbili kabla ya sherehe. Mchana, kundi la nyuki likatua kwenye tawi la mwembe wa hekalu, likaning'inia kama gunia jeusi linalopumua, hatua chache kutoka ukuta wa jirani yetu mwenye shule ya chekechea. Watoto walifungiwa ndani. Wazazi walikuja. Mtu mmoja alileta dumu la mafuta ya taa na kitambaa kwenye ufito. Mwingine alikuwa na namba ya watu wa dawa, wale wale niliowaita mimi zamani, na simu ikawekwa mkononi mwangu kwa sababu nilikuwa mjumbe wa halmashauri niliyekuwa karibu.

Nisiwadanganye. Magoti yalitetemeka. Nilisimama pale nikarudi kuwa mtoto wa miaka tisa, na nilitaka kupiga simu ile. Nikafanya kitu alichonifundisha mama mmoja wa hekalu hili: nikafumba macho, nikavuta pumzi, nikaitoa polepole kwa mvumo, pumzi ile ambayo wafanya yoga huiita bhramari, kwa jina la nyuki. Nilivuma kama nyuki ili niweze kusimama mbele ya nyuki. Mara tatu. Hofu haikuondoka, lakini ilikaa chini kidogo, nami nikaweza kuuliza.

Aliyejibu ni jirani yetu, fundi wa baiskeli wa ng'ambo ya barabara. Alisema, “Mzee, shemeji yangu ni mfugaji Handeni. Hao wako safarini. Hawana nyumba hapo, hawana watoto. Tusiwaguse mpaka afike.” Alisema kweli. Kundi linalohama hubeba akiba yake ya asali tumboni, hutua kupumzika huku wapelelezi wakitafuta makao, na mara nyingi huondoka baada ya saa chache au siku chache. Wakati huo huwa watulivu kuliko walivyo nyumbani, ingawa si wa kuchezewa.

Basi tukafanya mambo matatu. Mwalimu aliwatoa watoto kwa mlango wa nyuma. Vijana wa hekalu na vijana wa mtaa walisimama pamoja barabarani kuzuia watu. Dumu la mafuta ya taa likarudi lilikotoka. Mfugaji alifika jioni, akavaa vazi lake, akapuliza moshi kidogo, akalikung'utia kundi ndani ya mzinga mtupu. Giza lilipoingia na waliosalia kuingia, aliziba mlango kwa kitambaa, akaondoka nao. Hakuumwa mtu hata mmoja, isipokuwa mfugaji mwenyewe mara mbili, naye alitabasamu kama mtu aliyesukumwa na abiria mwenzake ndani ya basi.

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa ndani, nyuma ya kioo cha ofisi. Lakini sikupiga ile simu.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lenu ni hili, nami nalitoa kama pendekezo mbele ya halmashauri na majirani. Nyuki wanaokuja kwenye maua yetu tuwaache. Mzinga wowote utakaoonekana ukutani, darini au mtini ndani ya uwanja huu tusiuache, wala tusiuchome. Tuite mfugaji auhamishe, siku ile ile. Hatusemi nyuki hana madhara. Tunasema kila mmoja apewe mahali pake. Maua yanayovutia nyuki wengi tuyahamishie upande wa kisima, mbali na njia ya watoto, nami gharama hiyo nitaibeba.

Na kwa kuwa hofu hupungua mtu akijua la kufanya, naomba akina mama na vijana myashike haya. Nyuki mmoja akikuzunguka, usimpige. Simama au ondoka taratibu. Usikate nyasi kwa mashine karibu na mzinga, kwani kelele na mtikisiko huwachokoza. Wakikuvamia wengi, kimbia, funika uso kwa nguo, ingia ndani ya nyumba au gari ufunge mlango. Usijitose majini, kwa maana watakungoja utoe kichwa. Ukishaumwa, toa mwiba upesi kwa kucha au kwa chochote kilicho karibu, maana unaendelea kusukuma sumu hata nyuki akiwa ameshaondoka. Kisha osha kwa sabuni na uweke barafu. Kwa watu wengi uvimbe na maumivu ya mahali pale ndiyo mwisho wa habari.

Lakini wapo ambao miili yao haistahimili sumu hiyo. Mtu akivimba uso au ulimi, akipata shida ya kupumua, akipata vipele mwili mzima, akitapika au akizimia, asipewe maziwa wala vitunguu wala ushauri. Apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo mtoto au mzee aliyeumwa mara nyingi. Aliyewahi kupatwa na hali hiyo amwone daktari kabla ya msimu wa maua, na sisi viongozi tumjue, ili siku ya ibada asikalishwe karibu na bustani.

Namaliza. Mnaniuliza kama bado naogopa. Naam, naogopa. Nyuki akipita karibu na sikio langu, moyo unaruka vile vile ulivyoruka mwaka ule. Sikupona hofu, nimejifunza tu kukaa nayo. Kila alfajiri, kabla jua halijapanda na nyuki hawajawa wengi, nashuka na kikapu cha mke wangu, nachuma asmini na galgota kwa ajili ya ibada, na wa kwanza wao wakifika nakuwa nimemaliza. Nawaachia yaliyobaki. Siku nyingine nakawia kwa makusudi, nakaa kwenye kiti changu, ambacho sasa kiko hatua mbili kutoka kwenye tulsi, ninakunywa chai, nao wanafanya kazi yao. Ni saa nzuri kuliko zote katika siku yangu.

Yule mama muuza vitumbua sikuwahi kumshukuru. Tulihama nikiwa bado mdogo, na sikujua hata jina lake kamili. Tulimwita Mama tu. Sherehe hii inahusu jengo, lakini kila jengo lililodumu katika mji huu limedumu kwa sababu jirani fulani, siku fulani, aliacha karai lake motoni akatoka kukimbia. Kwa hiyo shukrani zangu ambazo hazikumfikia yeye nazitoa leo kwenu, majirani zetu: kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, kwa mwalimu wa chekechea, kwa vijana waliosimama nasi juani.

Mkitoka hapa, chakula kiko tayari kule ukumbi wa chini. Njia ya kwenda huko inapita kando ya maua. Pitieni taratibu, wala msiogope kuogopa.